Shilingi 50, Dakika 10

Ukitaka kuwajua wanaume wa rika letu, wewe wataje tu BMX. Mko kwenye kikao cha harusi, ajenda imekwama kwenye ukumbi na michango haieleweki, halafu mmoja anaitaja... basi tena! Mtu mzima na tai yake shingoni anasimama kuonyesha alivyokuwa akiinua tairi la mbele kutoka dukani kwa Mpemba mpaka mtaa wa nne. Kila mmoja alikuwa bingwa wa mtaa wake. Kila mmoja ana kovu gotini, na yuko tayari kupandisha suruali ulione.

Mimi huwa nacheka nao, maana kumbukumbu zenyewe ni tamu. Nimekulia Sinza miaka ya 1990, enzi za barabara za mchanga na magari ya kuhesabu. Mtaani tulikuwa watoto kibao, lakini wenye BMX ya kwao hawakuzidi wawili. Wengine wote tulikodi. Kulikuwa na jamaa mmoja chini ya mwembe mwenye baiskeli nne, bei yake shilingi 50 kwa dakika 10. Tuliamini kabisa kwamba saa yake ya mkononi ilikimbia kuliko saa zote za Dar es Salaam. Dakika zikiisha anapiga mluzi, na ukijifanya hujasikia, kesho hupati baiskeli hata uje na noti.

Na ile mashine jamani! Tairi fupi za inchi 20, nene, zenye meno. Hakuna keria, hakuna gia, hakuna taa. Baiskeli ya baba, Phoenix au Swala, ilikuwa ya kazi: kubeba mkaa, kubeba maziwa, kumpeleka mgonjwa hospitali. Mtoto akitaka kuiendesha ilibidi apitishe mguu katikati ya fremu, mwili umepinda kama ndizi. BMX ndiyo ilikuwa kipimo chetu, na kazi yake ilikuwa moja tu, raha. Si ajabu, maana walioianzisha walikuwa watoto. Kule California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto waliotaka kuiga mbio za pikipiki za kwenye vumbi walichukua vibaiskeli vyao wakaanza kushindana kwenye viwanja vitupu, na wenye viwanda wakafuata baadaye. Nasi Sinza, bila kuambiwa na mtu, tulibana chupa ya plastiki kati ya fremu na tairi ili baiskeli ilie kama pikipiki. Kina kaka wakubwa walizipandisha hadi Chuo Kikuu, Mlimani, wakashuka nazo mteremko mzima bila breki. Breki ilikuwa kandambili, unaisugua kwenye tairi la nyuma huku unaomba Mungu.

Lakini kwenye simulizi za vikao kuna watu hawatajwi kabisa. Dada zao tulikuwa wapi?

Tulikuwepo. Ile sarafu ya shilingi 50, yenye faru na mwanawe, Mama alitupa sawa mimi na kaka, na mimi nilikodi kama yeye. Mara nne au tano hivi. Mpaka leo nakumbuka gauni lilivyojaa upepo. Kisha jirani akaniona, akafikisha habari. Mama hakunichapa. Aliniita jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: “Mtoto wa kike hakai juu ya chuma. Utakuja kutuaibisha siku ya ndoa.”

Nilikuwa na miaka 10. Ndoa iliingiaje kwenye baiskeli, sikujua, na hakuna aliyenieleza. Nilikuja kuunganisha mambo nikiwa sekondari. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitamka wazi kwamba hakuna kipimo cha kumkagua msichana kinachoweza kuonyesha kama amewahi kukutana na mwanamume au la. Kwa hiyo ile aibu tuliyokuwa tukilindwa nayo haikuwa na hata pa kusimama. Simlaumu Mama, naye aliambiwa hivyohivyo jikoni kwa mama yake. Ila kuanzia siku ile, shilingi 50 yangu ilimwongezea kaka dakika 10, na mimi nikapandishwa cheo: mshika kandambili.

Sasa miezi miwili iliyopita baba watoto karudi nyumbani na BMX ya mtumba, nyekundu, fundi kaing'arisha ile mbaya. “Ya Junior hii!” Junior ana miaka mitano, miguu haifiki kwenye pedeli. Dada yake ana minane.

“Na Nana je?”

“Aah, Mama Nana, huko nje si unaona bodaboda walivyo?”

“Kwani bodaboda wanagonga wa kike tu?”

Hakujibu. Tukaishi siku mbili za “chakula mezani” na “asante”. Na si mwanamume mkorofi, jamani, Jumapili hata pilau anapika yeye. Tatizo ni kwamba utoto wake wote wa BMX hauna msichana hata mmoja ndani, kwa hiyo hata leo hamwoni. Usiku wa pili nikamtafutia kwenye simu fainali za Beijing za mwaka 2008, mbio za BMX zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Wanawake walikuwemo tangu mwaka huohuo, na dhahabu yao ikaenda kwa Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa. Akatazama. Nikamsimulia na ya jikoni. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: “Kumbe wewe uliwahi kupanda?”

Miaka tisa ya ndoa!

Kuhusu bodaboda ana haki, lakini. Mtaa wetu sasa ni lami na kuta ndefu, na pale palipokuwa na uwanja pana fremu za maduka. Tunachofanya ni kwenda ufukweni Jumapili asubuhi maji yanapokupwa, mchanga ukiwa mgumu. Nana anapanda, Junior anakimbia nyuma akilia kwamba zamu yake imefika, baba yao anahesabu dakika kwa saa ya mkononi. Ananiudhi, maana naye anapunja.

Wiki iliyopita Mama alikuwa mgeni wetu, tukaenda naye. Alikaa kwenye kanga yake, akamfuata mjukuu kwa macho kwenda na kurudi, bila neno. Mimi moyo unadunda kama nina miaka 10. Mwisho akanigeukia.

“Siku nyingine mvalishe suruali,” akasema. Kisha, Nana alipopita tena kwa kasi: “Na hizo breki, zinashika?”