Barua Kutoka Seattle: Avumilie Nini?

Ndugu zangu wa Temeke,

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti. Saratani imemfika mama mdogo kwenye nyonga, usiku halali, nanyi mnamsifu: kajikaza, hata kulia halii! Mofini mliyoandikiwa mmeificha kabatini, eti ni dawa ya anayekata roho.

Mzee ninayemhudumia nyumbani kwake huku ana saratani ya mifupa ya mgongo. Dawa za kumeza zilimlevya na maumivu yakabaki palepale, ndipo daktari wa ganzi akampitishia mpira mwembamba mgongoni, ncha yake ikakaa nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo. Mpira huo umepita chini ya ngozi, ukatokea ubavuni na kuungwa na pampu anayoivaa kiunoni. Mofini na dawa ya ganzi huingia kidogo kidogo usiku na mchana. Kwa kuwa inafika jirani na mishipa ya fahamu, mofini inayotumika ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kudunga mshipani. Daktari Stuart DuPen, wa hapahapa Seattle, aliueleza mpira wa namna hii mwaka 1987.

Siku hizi mzee anajikaangia mayai na kunigombeza nikichelewa. Mfuko wa dawa habadilishi mtu ila muuguzi. Mimi ni wa kutazama tu. Homa, usaha, miguu kulegea, mkojo kukataa kutoka, usingizi mzito na pumzi kwenda polepole: nikiona kimoja napiga simu, hata saa nane usiku. Vijidudu vikifika kule ndani vinaweza kumpoozesha.

Muuguzi akiingia, salamu haijakolea anauliza: maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi? Mzee akisema sita, simu kwa daktari. Kwetu angesema sita akaambiwa asali.

Simtakii mama mdogo mpira. Unataka muuguzi wa kuitika saa yoyote, na wengi mofini ya kunywa inawatosha. Uganda, Hospice Africa inawapa wagonjwa tangu 1993, sembuse nyie mlio na hospitali ya saratani ya Ocean Road mjini?

Basi itoeni kabatini. Mpeni kwa saa alizoandika daktari, msingoje agugumie. Ombeni na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Chupa ifungiwe, watoto wasiifikie. Isipomtuliza, msijiongezee, mrudisheni wapime upya. Nawe kaka, hodari wa kusifia ukimya wa wenzio, muulize maumivu ni ngapi, unitumie namba usiku huuhuu.