Filamu Mbili na Ushauri wa Kunyamaza

Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya kambi za Hitler kufunguliwa, Hollywood ilitoa filamu mbili kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi nchini Marekani kwenyewe. Baadhi ya waliozitilia shaka walikuwa Wayahudi.

Gentleman's Agreement ya Elia Kazan ndiyo maarufu zaidi, ilichukua Oscar ya filamu bora. Gregory Peck ni mwandishi wa jarida anayejifanya Myahudi kwa wiki kadhaa ili apate makala. Nikiwa mwandishi wa habari, huyu jamaa hunikera kidogo. Siku akichoka atarudi kuwa alivyokuwa, na makala ameshaipata. Mimi namwangalia Dave, rafiki yake, askari aliyeigizwa na John Garfield. Garfield mwenyewe alikuwa Myahudi, tena nyota mkubwa, lakini alikubali nafasi ndogo ile. Mlevi anapomtukana mgahawani, uso wake unaonyesha kwamba tusi hilo si geni kwake.

Crossfire iliitangulia kwa miezi michache, na kwangu ndiyo bora. Ni filamu ya bei ndogo, ya giza na moshi wa sigara. Askari, Robert Ryan, anamuua Myahudi waliyekutana naye baa usiku uleule, basi tu kwa sababu ni Myahudi. Katika riwaya ya Richard Brooks iliyozaa filamu hii, aliyeuawa alikuwa shoga. Kanuni za Hollywood hazikuruhusu hilo, akabadilishwa. Hadithi haikuyumba hata kidogo, na hapo ndipo ninapoogopa.

Elliot Cohen, mhariri wa jarida la Commentary, aliwaandikia watengenezaji filamu barua ya wazi. Hofu yake: je, mtazamaji mwenye chuki hatatoka sinema akimshangilia Ryan?

Si hoja ya kipuuzi. Lakini naijua inavyotumika. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala kuhusu watu wanaonyimwa nyumba za kupanga kwa sababu ya kabila, ati tusiamshe mambo. Makala haikutoka, na madalali waliendelea kuuliza majina yote matatu.

Pigo lenyewe lilitoka kwingine. Oktoba 1947 mwongozaji wa Crossfire, Edward Dmytryk, na mtayarishaji wake Adrian Scott waliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyosaka Wakomunisti. Walikataa kujibu. RKO ikawafukuza, kisha wakafungwa jela. Mwaka 1951 Dmytryk alirudi kwenye kamati ileile akataja wenzake, Scott akiwemo. Kazan naye alitaja Aprili 1952.

Garfield aliitwa pia, 1951. Hakumtaja rafiki yeyote, na kazi za filamu zikakauka. Mei 1952 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 39.