Miezi Mitatu ya Kandili

Umeme ulipokatika kisiwani Unguja mwezi wa Disemba 2009, wengi walidhani ni shughuli ya saa chache. Waya wa chini ya bahari uletao nguvu kutoka bara ulikuwa umekwisha wazoesha watu visa vyake, na giza la takriban mwezi mzima la mwaka 2008 lilikuwa bado halijasahaulika. Safari hii giza lilikaa miezi mitatu. Pampu za maji zikanyamaza, foleni za ndoo zikarudi visimani, na jenereta zikanguruma milangoni mwa wale waliozimudu.

Katika nyumba moja ya Kikwajuni alikuwapo baba mmoja, karani wa ghala bandarini na mpenzi wa tenzi, mwenye watoto wawili: binti wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Kwa kipimo cha mtaa alikuwa baba mwema. Boflo halikukosekana asubuhi, ada ya chuo ililipwa, na nguo za Idi zilishonwa kabla ya mwezi kuandama. Yaliyobaki yalikuwa ya mama. Yeye, baada ya Isha, alikaa barazani na wenzake na kahawa chungu hadi usiku ukomae. Hivyo aghalabu aliwaona wanawe ama wamelala, ama wanakosea.

Lakini alikuwa na azma moja. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, naye Shaaban Robert akawatungia wanawe Hati na Adili. Karani huyu, bila ya kujilinganisha nao, alitaka kuacha wasia wake. Alikuwa na daftari kwa kazi hiyo, na ndani yake beti kumi na moja juu ya upole, subira na kauli njema. Alizipenda. Alikuwa akisubiri binti akue kidogo ndipo amsomee.

Usiku mmoja wa Januari baraza lilivunjika mapema. Akarudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akapita ukumbini kwa kupapasa. Mama alikuwa amekwenda kisimani, maana usiku foleni ilikuwa fupi. Chumbani kandili iliwaka juu ya kigoda, na watoto walikuwa wamekaa mkekani. Wao walikuwa kwenye mwanga na yeye kizani, hawakumwona.

“Mara ngapi nimekwambia?” binti alikuwa akisema, kwa sauti nzito iliyotoka kooni. “Mimi sisemi mara mbili. Ukilia, nitakupa cha kulilia.” Kisha akatoa msonyo mrefu, uliopandishwa na kushushwa mahali pake barabara.

Mdogo wake alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameikunja mapajani. “Naam, baba,” akajibu.

Baba alisimama pale pale. Yalikuwa maneno yake, kwa mpangilio wake, hata pumzi aliyoivuta kabla ya kusonya. Mtoto aliyeshindwa kuhifadhi sura fupi chuoni bila ya kukumbushwa alikuwa amehifadhi haya yote bila ya mwalimu. Kisha mvulana akainua uso na kusema kwa furaha, “Sasa zamu yangu. Sasa mimi niwe baba.” Na binti, bila ya kuambiwa, akainamisha kichwa na kukunja mikono.

Hakuingia. Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akavaa viatu, akakohoa kwa nguvu. Chumbani pakawa kimya. Kwa miaka alikuwa akikisikia kimya kile kila aingiapo, na akikiita adabu. Tena alikuwa akijisifia barazani.

Aliketi nao mkekani. Hakujua la kusema, akawauliza kama wanataka hadithi. Wakatazamana kwanza. “Paukwa,” akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchekesha; nao wakaitika kwa uangalifu, kama watu wanaojaribu barafu ya maji kwa kidole. Alianza kisa cha sungura kisimani na akapotea katikati. Binti akamrekebisha: mama hasemi hivyo. Akakubali kurekebishwa, jambo ambalo hata barazani halikuwa rahisi kwake.

Isidhaniwe kuwa aligeuka mtu mwengine. Wiki ya tatu mvulana alivunja chemni ya kandili, nayo ikawa adimu na ghali siku zile. Na msonyo ukamtoka baba mzima mzima, haukupunguka hata nukta. Binti alimwangalia kama amwangaliavyo mtu anayesoma ubeti anaoujua. Baba akainama, akaokota vigae. Daftari likabaki na beti kumi na moja zile zile, na kurasa za nyuma zikajaa majahazi ya kalamu ya risasi.

Umeme ulirudi Machi 2010. Taa ya dari iliwaka katikati ya hadithi, na mtaa mzima ukapiga kelele kwa mara moja. Watoto wakatoka mbio. Baba akabaki peke yake mkekani, mkono karibu na utambi, hajui azime au aache. Kiti chake cha barazani, alijua, kilikuwa kikimngoja.

Mvulana ndiye aliyerudi kwanza, akihema. “Baba, sungura alitokaje kisimani?”

Nje, juu ya vifijo, sauti ya dada yake ikasikika: “Baba, usimwambie! Ngoja nije nikae!”