Babu wa Nne

Nilihamishiwa Garissa kutoka Hola mwaka 1997. Chumba cha rekodi nilichopewa kilikuwa na rafu za mbao hadi darini, feni isiyozunguka, na mzee mmoja ambaye kila mtu, hata daktari mkuu, alimwita Adeer. Kwetu Lamu tungesema ami. Kwa cheo alikuwa karani wa kawaida, lakini foleni ya asubuhi haikuanza kusogea mpaka yeye aketi.

Mgonjwa akija bila kadi, na wengi walikuja bila kadi, Adeer hakumwuliza namba. Alimwuliza jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha baba wa babu, na mmoja tena. Wasomali huita hesabu hiyo abtirsi, na mtoto huifundishwa mapema jinsi sisi tulivyofundishwa sura fupi za Kurani. Akifika babu wa nne, ukianza kuhesabu na baba, Adeer alinyamaza. Kuendelea zaidi ni kuingia kwenye ukoo, na ukoo, aliniambia, si kazi ya hospitali. Kisha aliinuka, akanyoosha mkono rafuni, na faili ikatoka.

Mwanzoni nilidhani ni mazingaombwe. Kumbe alikuwa na daftari nene la jalada gumu, lile tunaloita kaunta buku, na humo aliandika majina matano ya kila mtu, lakabu yake na namba ya faili. Lakabu ilikuwa muhimu. Siku moja niliamua kuhesabu kina Abdi Mohamed kwenye rafu moja, nikaacha nilipofika thelathini. Ukisema Abdi Mohamed Dheere, yule mrefu, au Gaab, yule mfupi, angalau umepunguza umati.

Mwishoni mwa mwaka huo mvua ya El Niño ikatukuta. Tana ilifurika, barabara ikakatika, mbuzi na ng'ombe wakaanza kutupa mimba, halafu watu wakaletwa wakitokwa damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Ripoti zetu wakati ule zilikuwa makaratasi: tali shiti za zahanati, muhtasari wa wilaya, muhtasari wa mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki, yaani sisi, Wajir na Mandera, kisha bahasha ya Nairobi, kilomita 370 hivi, siku gari likipatikana. Ripoti za Liboi, mpakani, zilitufikia na magari ya miraa yakirudi matupu, maana hakuna gari la serikali lililojua kukimbia namna ile. Maji yalipojaa, hata hayo yalikwama. Watafiti waliokuja kupima damu baadaye walikadiria kwamba walioambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake walifika watu 27,500. Vitabu vyetu havikuwa na idadi inayokaribia hiyo. Tuliwaandika waliofika mlangoni, na waliofika mlangoni ni wale ambao maji hayakuwazuia.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilifunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama televisheni ya bibi harusi. Tukaanza kujaza majedwali ya Excel na kuyabeba kwa flashi. Flashi zilibeba virusi vingi kuliko ripoti. Katika ofisi moja niliyopitia, flashi moja ilimeza kazi ya miezi minne, tukarudi kwenye vitabu na kalamu kujumlisha upya. Na wilaya nazo hazikutulia. Ijara ilikatwa kutoka Garissa mwaka 2000, baadaye wakafuata kina Lagdera na Fafi. Kila wilaya mpya ilipotangazwa jukwaani watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikihesabu majedwali ya kurekebisha, maana zahanati ilikuwa ileile, muuguzi yuleyule, lakini takwimu za jana zilikuwa chini ya jina moja na za leo chini ya jingine. Ukichora mstari wa chanjo wa miaka kumi unaona korongo pale katikati, ukadhani watoto walikosa sindano.

Mwaka 2011 ukaja mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Hadi Septemba mwaka huo Kenya ilikuwa imeufikisha nchi nzima kupitia intaneti, mapema kuliko nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Nilifurahi, sisemi uongo. Kila kituo kikawa na namba yake moja kwenye orodha kuu ya vituo, hata wilaya ibadilike mara ngapi. Fomu 705 za wagonjwa wa nje, 711 ya uzazi, malaria na mengineyo, zote zikaingia humo. Vituo vilileta karatasi ifikapo tarehe 5, sisi tukapakia kabla ya tarehe 15. Netiweki ya mchana ilikuwa ya kubembeleza, kwa hiyo nilifanya kazi usiku. Ramadhani ilikuwa neema: nilikula daku, nikapakia ripoti mji ukiwa kimya, nikaswali alfajiri.

Mkufunzi alituambia hotelini, mbele ya chai na mahamri, kwamba sasa kila kitu kitakuwa mahali pamoja. Mwaka uliofuata wa kifua kikuu wakaletewa tableti na mfumo wao, TIBU. Kliniki nyingine zikaja na programu za wafadhili wao. Dawa zilikuwa na mlango wake, mishahara mlango wake, fedha mlango wake. Kila mfumo ulikuja na semina, mahamri, na neno lilelile la mahali pamoja. Nilibandika kipande cha katoni ndani ya mlango wa kabati langu na kuandika humo nywila kumi na moja. Ndiyo, najua. Lakini muulize karani yeyote wa miaka ile kama hakuwa na katoni yake.

Serikali za kaunti zilipoingia mwaka 2013, mkoa ukafa na majalada ya mkoa yakakosa baba. Miaka miwili baadaye, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, watumishi wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliomba uhamisho. Hakuna aliyewalaumu. Ila wengine walipanda basi na nywila zikiwa vichwani mwao, na mimi nikawa mtu wa kupigia watu simu Kitui na Kisumu nikiomba radhi kwanza, nikiuliza hali, halafu nikiuliza kama ile herufi ya mwisho ilikuwa kubwa au ndogo.

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayakutangazwa kwenye semina yoyote. DHIS2 ilitaka hesabu tu: watoto wangapi, sindano ngapi. Hesabu haina jina, kwa hiyo haikosei jina. Programu za kliniki zilizofuata zilitaka mtu mwenyewe, na hapo ndipo Garissa ilipozishinda. Ziliuliza jina la familia. Msomali hana jina la familia. Ana baba, na baba ana baba. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Mama anaitwa Fatuma Yusuf Ali, mtoto wake Halima Abdi Hassan, na mashine ikiwatazama inaona watu wawili wasiojuana walioketi kiti kimoja. Halafu tahajia: aliyesomea Mombasa anaandika Halima, aliyesoma Kisomali anaandika Xaliima, kwa ile x yao iliyo sauti ya h ya koo. Tarehe ya kuzaliwa? Nusu ya kaunti, kwa mujibu wa mashine, ilizaliwa tarehe mosi Januari.

Namkumbuka mzee mmoja mchunga ngamia. Alianza dawa za kifua kikuu upande wa Balambala, mifugo ikafuata malisho kuelekea Modogashe, naye akafuata mifugo. Kituo kimoja kilimwandika kuwa amepotea. Kingine kilimwandika mgonjwa mpya, kwa lakabu. Cha tatu, ambacho sikitaji, kilimwandika kwa jina la mwanawe aliyemsindikiza. Mratibu alinijia na tableti, uso umemkunjamana, akitafuta gari la kwenda porini kumsaka huyu aliyepotea. Mzee alikuwa koridoni kwetu anakunywa chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa yake. Alikuwa hajakosa dozi hata moja.

Sikuwahi kuichukia mashine. Niliyemchukia ni aliyechora kile kisanduku cha jina la familia bila kumwuliza mtu wa Mandera.

Na wako walionaswa vibaya kuliko mzee wa ngamia. Miaka ya ukame, familia za Wakenya wa vijiji vya jirani ziliingia kambi za Dadaab kuandikishwa pamoja na wakimbizi ili zipate mgao wa chakula, watoto wakiwa mgongoni. Watoto hao walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikajibu kwamba wao ni wakimbizi. Mifumo miwili ambayo haijawahi kusalimiana kwa jambo la heri ilielewana kwa hilo moja. Bima mpya ya afya, SHA, ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024, mlango wake ulikuwa namba ya kitambulisho, nikawaona vijana hao wakirudi dirishani kwetu kuuliza kama kadi yao ya zamani ya hospitali, ile ya rangi ya kahawia, haiwezi kutumika. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kufutwa kwa usaili wa pekee uliokuwa ukiwasumbua wakazi wa mpakani wanaoomba kitambulisho. Dirishani watu walishangilia. Usaili wa maswali ulitangazwa kwisha. Suala la kidole ni jingine.

Adeer alikuwa amefariki muda mrefu. Kaunta buku zake, zilikuwa sita, nilizirithi na kuongeza ya saba. Ilipokuja sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, kijana mmoja wa TEHAMA alizitazama mezani pangu, akafungua ukurasa, akaona majina matano, lakabu, kijiji na wodi aliyolazwa mtu. Akazifunga polepole. Alisema, kwa adabu kabisa, "Mama, hizi haziwezi kukaa hapa." Alikuwa sahihi. Tukazifungia kwenye kabati la chuma, na tangu siku ile hakuna aliyezifungua, maana anayehitaji kuzisoma hana ruhusa na mwenye ruhusa hajui kuzisoma.

Nimestaafu sasa. Juzi kijana huyohuyo alinipigia simu kutoka dirishani, foleni ikisikika nyuma yake. Mfumo mpya ulikuwa umemtolea kina Halima Abdi Hassan wawili, umri mmoja, kijiji kimoja, mmoja ana mzio wa penisilini na mwingine hana. Akaniuliza kama ninakumbuka tofauti yao ni nini.

Nilijaribu. Nilifumba macho nikaiona rafu, nikauona hata mwandiko wa Adeer, lakini majina hayakuja.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikamwuliza.

"Ameketi hapa mbele yangu."

"Mwulize babu yake wa nne."

Nikamsikia akiuliza, na sauti ya mwanamke ikaanza kujibu bila kusita.

"Pole pole, mama," kijana akasema. "Ngoja nitafute kalamu."