Cheusi, cha Njano na Chekundu

Land Rover ya zamani ina fimbo tatu sakafuni, na kila fimbo ina kichwa chake. Cheusi ni cha gia za kawaida. Juu yake zimechorwa namba moja mpaka nne na herufi R ya kurudi nyuma. Cha njano unakibonyeza chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Chekundu unakivuta nyuma gari likiwa limesimama, na kuanzia hapo gari linakwenda taratibu lakini lina nguvu ya kupanda ukuta. Dereva anayejua kazi hatazami chini, mkono unajua wenyewe. Lakini siku yake ya kwanza alitazama, kama walivyotazama wote, na kilichomfundisha ni rangi.

Mimi natengeneza vichwa hivyo, Manundu, hapa Korogwe. Watu wakisikia wanacheka. Yaani mtu mzima unaishi kwa vichwa vya gia? Hapana, siishi kwa hivyo peke yake. Nakereza miguu ya vitanda, mipini, vishikio vya milango, chochote cha duara. Ila vichwa vya gia ndivyo vinavyoniletea wageni wa mbali, na ndivyo vilivyonifanya nifikiri sana kuhusu neno moja ambalo wenzangu wa gereji wanalitumia kutwa mara mia bila kulipima: orijino.

Nianze na kwa nini kazi hii ipo. Land Rover za namna hiyo, zile za Series, zilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985. Huku kwetu zilikuwa gari la serikali, la misheni na la mashamba ya mkonge. Mkonge ulikuwa uchumi wa ukanda huu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani 230,000 hivi, hakuna aliyeifikia duniani, na meneja wa shamba bila gari la kupita kwenye tope alikuwa meneja wa veranda tu. Mengi ya magari yale bado yako hai, maana bodi yake ni ya aluminiamu na haili kutu kama bati. Injini imebadilishwa, viti vimebadilishwa, turubai ni la nne. Kinachopotea bila mtu kujali ni kichwa cha gia. Plastiki inapasuka kwa jua, uzi wa ndani unalegea, siku moja kinabaki mkononi mwa dereva naye anakitupa chini ya kiti. Baada ya hapo fimbo inavishwa chochote. Nimeona nati iliyofungwa mpira wa baiskeli. Nimeona gunzi la mahindi. Nimeona kichwa cha Toyota kilichogongwa kwa nyundo mpaka kikakubali.

Hicho cha Toyota ndicho kinachonikera. Toyota nyingi fimbo yake ni milimita 12, na hatua ya uzi ni milimita moja na robo. Land Rover ya zamani ni ya Kiingereza, uzi wake unahesabiwa kwa inchi. Waingereza walikuwa na viwango vyao tangu Joseph Whitworth alipopendekeza mwaka 1841 kwamba boliti zote zifuate pembe moja na idadi moja ya meno. Ukilazimisha uzi wa milimita uingie kwenye uzi wa inchi, vyote viwili vinakufa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja siyo rangi wala bei. Namwambia aniletee fimbo yenyewe, au kama gari liko mbali, aniletee nati inayoingia vizuri. Hata kampuni moja haikai na kipimo kimoja. Volkswagen za miaka ya sitini zilikuwa na uzi wa milimita 10, zilizofuata zikawa 12. Peugeot 404 ndiyo kabisa, gia yake haipo hata sakafuni, iko pembeni mwa usukani, na kichwa chake ni kidogo kama tunda la mkungu.

Kazi yenyewe haina siri. Nikipata kichwa kizima cha mfano, nakisafisha, nakipima kwa vernia, halafu nakimiminia silikoni kupata kalibu. Ndani ya kalibu naweka nati ya shaba iliyokatwa uzi sahihi, namimina rezini iliyochanganywa rangi na hadina, nasubiri mpaka kesho. Rangi inachanganywa ndani, haipakwi juu, kwa sababu rangi ya kupaka inaondoka na jasho. Namba nazichonga kwa mkono, najaza rangi nyeupe, napitisha msasa wa maji. Kichwa kimoja kinachukua siku tatu, ingawa kazi halisi ni saa chache. Muda mwingine wote ni kungoja.

Wapo wasiotaka plastiki. Hasa wenye magari ya utalii Arusha, ambako Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya 1,000 zilikusanyika na kupita barabarani kwa msururu, na wenyewe wakaanza kutazamana: wewe yako ina nini, mimi yangu ina nini. Hao wanataka mpingo. Kwa ajili yao ndiyo naenda Handeni.

Kutoka Korogwe unavuka Mto Pangani, unafuata lami kilomita 65 hivi, na umefika. Sinunui gogo. Mpingo unahitaji miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mimi siwezi kumwangusha mzee wa miaka hiyo ili nipate kitu cha ukubwa wa limau. Nanunua mabaki kwa wachongaji na maseremala wenye vibali: ncha, vipande vyenye ufa, vile ambavyo vingeishia jikoni. Mpingo ni mti wa taasisi kubwa duniani, ndio unaotengeneza zumari za Wazungu, zile klarineti na obo. Tangu Januari 2017 uko kwenye orodha ya mkataba wa CITES, na kuvusha mbao zake mpakani kunadai karatasi. Ni mti mgumu, unazama majini, unamaliza makali ya patasi kabla ya saa sita, na vumbi lake linawasha pua. Lakini ukishang'aa, hauhitaji rangi.

Nikimuuzia mtu kichwa cha mpingo namwambia wazi: hiki siyo nakala. Kiwandani Uingereza hawakuweka mpingo kwenye Land Rover. Hili ni pambo, zuri, la kwetu, lakini halijawahi kuwepo. Wengi wanasema sawa fundi, nipe. Mmoja aliniuliza, "Sasa kwa nini unaniambia?" Swali lile lilipata uzito baadaye, alipokuja mfanyabiashara wa spea.

Alikuja na gari zuri, akakaa kwenye benchi, akavigeuzageuza vichwa vyangu kwa muda mrefu. Akasema, "Fundi, hongera. Kazi yako haina kasoro. Tatizo ni moja tu, vipya mno."

"Vipya si ndiyo vizuri, kaka?"

"Kwa wateja wangu hapana. Wao wanataka orijino, zilizotoka kwenye gari. Wewe vichakaze. Piga msasa kidogo huku, paka oili chafu, anika wiki mbili. Halafu hii alama yako ya chini, iache."

Chini ya kila kichwa, pembeni ya nati, nachonga herufi K na mwaka. Hauioni kikiwa kimefungwa. Alitaka vichwa 40, kila kimoja shilingi 40,000. Mimi nauza 25,000. Piga hesabu mwenyewe. Mwezi ule nilikuwa nadaiwa ada ya muhula wa pili, na mashine ya kukereza ilikuwa inalia beringi. Nikamwambia kazi ya kutengeneza nitafanya, ya kuchakaza sitafanya, na alama itabaki. Akacheka, hakukasirika. "Wewe unadhani nani atajua?" Akaondoka na gari lake zuri. Ada nililipa kwa mafungu, na beringi nilibadilisha miezi miwili baadaye.

Sisemi hivyo ili nionekane malaika. Nasema kwa sababu kwa siku nyingi nilijiuliza kama nilikuwa na hoja au ni ukaidi tu. Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, lakini sikuwa naifikiria sheria. Nilikuwa nawaza kwamba mimi mwenyewe naishi kwa kuiga. Umbo siyo langu. Namba siyo zangu. Aliyebuni kile kichwa cheusi alikaa Uingereza na hajui kama kuna mji unaitwa Korogwe. Sasa mwigaji ana haki gani ya kumkatalia mwigaji mwenzake? Plastiki ni ileile, uzi uleule. Tofauti iko wapi?

Jibu nililipata Handeni, kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva.

Mwanawe ndiye aliyenipeleka. Mzee aliendesha Land Rover miaka mingi, akastaafu, na gari lilipouzwa kama chuma chakavu akalinunua. Sasa macho yamekwisha, gari liko chini ya mwembe na linaendeshwa na mwanawe siku za mnada. Kichwa cheusi kilikuwa na ufa, kimeshikwa kwa gundi na waya. Vile viwili vingine vilikuwa vimepakwa rangi nyeusi vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa vichwa?" Akacheka. "Basi anza na hivyo viwili. Nani aliwaambia wavipake rangi moja?"

Mwanawe akasema walitaka vifanane.

"Vifanane vya nini? Vile si vikombe." Akanisimulia jinsi masika moja, kazini kwake, utingo aliyepandishwa cheo alivyopewa gari lililofanyiwa upuuzi uleule. Akataka kuvuta kwa magurudumu manne, gari likiwa kwenye mbio, akakamata fimbo isiyo yenyewe. "Giaboksi ililia kama mbuzi. Tulilala porini siku mbili, na nyuma tulikuwa na mama mjamzito tunampeleka hospitali." Alijifungulia palepale, kwa msaada wa wanawake wa kijiji cha jirani. "Mungu alisaidia. Lakini rangi ile ingetosha."

Halafu akaomba nimpe kile cheusi. Nilipokifungua na kumwekea mkononi, mkono wake wa kushoto ulikipokea kabla yeye hajanyoosha vidole. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, dereva anakaa kulia, kwa hiyo gia ni kazi ya mkono wa kushoto. Mkono ule ambao hatuutumii kumpa mtu kitu, wala kumsalimia, ndio uliobeba safari zote. Upande mmoja wa kichwa kile ulikuwa umelika, bonde dogo kabisa, na kidole gumba cha mzee kililala ndani yake. Namba mbili na tatu zilikuwa zimefutika. Namba nne ilikuwa bado inasomeka. Barabara zetu za wakati ule hazikumpa mtu nafasi ya kwenda gia ya nne mara nyingi.

Mwanawe akanivuta pembeni. "Fundi, unaweza kukinakili hivyohivyo kilivyo? Na hilo bonde? Hiki kitapasuka muda wowote, na akikikosa atajua."

Nilinakili. Silikoni haichagui, inachukua kila mkwaruzo. Nilitoa kichwa kilicholika kama kile cha kwanza, kikiwa na uzi mpya, na chini yake nikachonga K na mwaka kama kawaida. Cha njano na chekundu nikavirudishia rangi zao. Kile cha zamani nilimrudishia mzee kwenye kitambaa. Alipoambiwa kipi ni kipi alivipima vyote viwili, akasema, "Hiki chako ni chepesi." Kweli, kilipungua gramu chache. Akasema kifungwe hicho hicho.

Kwa hiyo nimewahi kutengeneza kichwa kilichochakaa, jambo lilelile nililomkatalia yule mfanyabiashara. Na sioni kama nimejipinga. Bonde la kidole cha mzee lilikuwa la mzee, na nililitengeneza kwa ajili yake, huku kila mmoja pale chini ya mwembe akijua ni kazi ya nani. Yule mwingine alitaka nibuni dereva ambaye hajawahi kuwepo, nimchoshe mkono miaka 30 kwa msasa wa dakika kumi, kisha amuuzie mgeni hiyo miaka. Plastiki ningeuza. Miaka sina.

Vijana wawili wanajifunza kwangu sasa. Wanajua kusoma vernia, wanajua kwamba kichwa chekundu hakipakwi rangi nyingine hata mteja akilipa mara mbili. Mteja wa namna hiyo tunamweleza kwa nini, na karibu wote wanaelewa. Nao wameanza kuchonga herufi zao pembeni ya yangu.

Wewe unayesoma hapa, ukienda kununua gari la zamani, usianze na injini, injini kila mtu anaitazama. Shika kichwa cha gia, kizungushe mpaka kitoke, kigeuze. Ukikuta K, ujue kilitoka Korogwe, na umuulize muuzaji alikuambia ni cha wapi.