Tanga: Waja leo, waondoka leo?

Sikiliza mshikaji. Kama wewe ni mtoto wa Dar na kila ukipata siku tatu za mapumziko unawaza boti ya Zenji tu, leo ukurasa huu unakupeleka kwingine. Twende zetu Tanga, kule kwa waja leo waondoka leo. Wengi wakiusikia msemo huo wanadhani ni mji wa kupita njia. Wapi! Mwenyeji akikwambia hivyo anakulalamikia: yaani umekuja leo, na leo hii unafunga mzigo? Ndiyo maana nasema mapema, aliyekwenda Tanga kwa siku moja hajaenda.

Najua Tanga mnayoijua nyie ni ya baikoko na stori za mahaba, eti mwanamume akienda kikazi wiki mbili harudi tena kwa mkewe. Poa, stori hizo zina utamu wake, na wenyeji wenyewe huwaoni wakizikataa kwa nguvu. Lakini pwani ile ina mambo ambayo yakiondoka ndiyo basi tena, na mengine yameshaanza kuondoka sisi tukipiga soga.

Zamani ungepandia basi Ubungo. Tangu 2021 ni stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwendo ni kilometa 350 hivi: Chalinze, halafu Segera, pale unakata kulia. Muheza utaletewa machungwa mpaka dirishani, nunua, usijifanye umeshiba. Baada ya hapo ni mkonge, safu kwa safu. Mmea huo wala si wa kwetu. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na ilipofika mwaka 1893 iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Fikiria, miche 62 ndiyo iliyokuja kuujaza mkoa mzima mashamba!

Mjini fikia Ngamiani. Mitaa yake ina namba, kwa hiyo ukipotea huulizi jina, unauliza barabara ya ngapi. Watu wanaendesha baiskeli: mzee na kanzu yake, binti na baibui lake, mwanafunzi kampakia mwenzake. Kodi nawe moja, jua likipungua ushuke nayo hadi Raskazone kutazama bahari. Asubuhi kula mbaazi za nazi kwa maandazi. Jioni zunguka barazani ukitafuta kachori, bajia na mihogo. Mimi Tanga sijawahi kurudi na kilo zile zile nilizokwenda nazo.

Na muziki je? Nyie mnaojirusha na taarab mpaka alfajiri, mjue kwamba mji huu ndio uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoifanya taarab iwe na gita na mwendo wa kuchezeka, si ya kukaa kitini tu na kutunza. Shakila Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki 2016, sauti yake ilianza kusikika huko. Upande wa dansi walikuwepo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ukikaa kwenye kahawa na wazee, taja tu majina hayo halafu nyamaza. Utapewa stori usiku kucha, na bado utabishaniwa nani alikuwa mkali zaidi.

Mapango ya Amboni yako kilometa 8 hivi, upande wa barabara ya Mombasa. Vaa raba, maana ndani kunateleza, kuna giza na popo ni wengi. Kuna sehemu watu wanaacha sadaka zao kwa mizimu, usichezee vitu vya wenyewe. Utasimuliwa kwamba kuna njia inatokea Kilimanjaro! Watafiti waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Lakini usimkatize anayekutembeza, anavyoisimulia ni burudani tosha.

Sasa njoo kusini, njia ya Pangani, huku ndiko nilikotaka tufike. Kwanza unapita Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Wote tumekaririshwa vitabu vyake shule, sijui ni wangapi tumewahi kushuka garini pale. Mbele yake ni Tongoni. Hapo kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yamejengewa nguzo ndefu za mawe, na hakuna mahali kwenye pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kama hapo. Mji huo ulikuwa na watu na biashara yake kabla Mreno hajaijua njia ya huku. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498, meli yake moja ikakwama kwenye mwamba. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wamepukutika kwa maradhi, aliichoma meli hiyo hiyo karibu na hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Nguzo nyingi zimeanguka. Nyingine zimelala chini vipande vipande pembeni ya kaburi lake, na kwenye zilizobaki utaona vishimo palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya kigeni. Bahari nayo inasogea. Siku nilipokwenda tulikuwa watu wawili, mimi na mlinzi, na upepo. Bagamoyo siku hiyo hiyo, nina hakika, hapakuwa na pa kuegesha gari. Kiingilio chenyewe hakifiki bei ya kiepe na kuku pale Sinza!

Pangani usiikimbilie, lala. Mji mdogo, nyumba za milango ya nakshi, mto mpana unaomwaga maji ya Kilimanjaro baharini. Mwaka 1888 watu wa hapa walikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, vita vikasambaa pwani nzima. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapa hapa Desemba 1889. Simama kwenye kivuko cha Bweni, angalia akina mama na ndoo za samaki, pikipiki, mbuzi, wote wanavuka pamoja. Vaa kistaarabu, toa shikamoo kwa wakubwa, kaptula iache ufukweni.

Kesho yake chukua boti kwenda Maziwe. Ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, na matumbawe yake ni ya kuogelea huku umefumbua macho. Limehifadhiwa tangu 1975, enzi hizo kikiwa kisiwa chenye miti na kasa wakipanda kutaga. Ilipofika miaka ya themanini miti ilikuwa imekwisha, na leo maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi, na ubebe kofia, kivuli hakuna.