Deni Kwanza, Nyumba Baadaye

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, mume na mke wakiachana, watu wanauliza kwanza nani atabaki kwenye nyumba. Kwetu sisi hilo lilikwisha upesi: abaki mume wangu, maana mama yake mzee alikuwa akiishi nasi na hakuwa na pa kwenda. Kilichotutesa ni bei ya kunilipa sehemu yangu.

Kiwanja kiko mtaa wa Mulongwe. Hati ya mauzo ina jina la mume peke yake, kama kaya nyingi mjini: siku ya kuandikiana, mwanamume anaitwa mbele ya shefu wa avenyu, mwanamke yuko jikoni anawapikia mashahidi. Ndugu za mume wangu waliishika karatasi hiyo kama silaha. Lakini Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema wanandoa wasiochagua utaratibu wa mali wanahesabiwa kushirikiana walichochuma ndani ya ndoa. Ulichorithi, au ulichokuja nacho, kinabaki chako. Mengine ni ya wawili, hata jina likiwa moja. Wanaoishi na mwanamume bila kukanyaga ofisi ya eta sivili wana kazi ngumu zaidi. Namwambia kila binti anayeolewa: nendeni mkaandikishe, karamu itasubiri.

Mimi nilikuwa na cheti cha ndoa, na daftari pia. Nauza ndagala. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawapati kitu, kwa hiyo ujenzi wetu ulifuata mwezi: giza likirudi, fundi naye anarudi. Kwenye daftari mna lori la mchanga, kokoto za akina mama wanaoponda mawe kando ya mto, misumari, mabati. Pembeni nimeandika "likelemba" kila pesa ilipotoka kwenye zamu yangu katika kikundi chetu cha kuchangiana. Shemeji mmoja alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza, "Mama, kumbe na bati la jikoni?"

Na bati la jikoni.

Kisha likaja deni. Kwetu ni nyumba chache zilizojengwa kwa mkopo wa benki, basi watu wanadhani hakuna cha kutoa. Sisi tulidaiwa na mwenye duka la simenti, na kaka wa mume wangu aliyeko Bujumbura. Wengi wanataka nyumba nzima ikatwe nusu kwa nusu, halafu madeni abaki nayo anayebaki ndani. Huo ni wizi wenye adabu. Tulitoa madeni, tukagawana kilichosalia.

Lakini kilichosalia ni kiasi gani? Mume alitaja bei za baada ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa maelfu ya nyumba, watu wakauza viwanja kwa bei ya kutupa. Ndugu zangu wakataja bei za kabla ya hapo, na juu yake wakaongeza uchungu wangu. Uchungu hauna mnunuzi. Tukawauliza makomisioneri, yaani madalali wa viwanja, watatu, kila mmoja peke yake: mgeni akija leo atatoa ngapi? Wote waliuliza umbali wa mto. Wote waliuliza pia kama tuna cheti cha usajili, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na hati ya mauzo peke yake haimpi mtu haki kamili. Hatukuwa nacho; bei ikashuka. Tukachukua jibu la katikati.

Mume hakuweza kulipa kwa mkupuo. Analipa kidogo kidogo, na mapatano yetu yana sharti ambalo sikukubali liondolewe: akiuza nyumba, salio langu litoke kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kaka yangu bado ananilaumu kwamba sikumlazimisha auze mara moja. Namjibu kwamba nyumba ya kuuzwa kwa haraka, kando ya mto ule, ingetupa sote senti, na mama mkwe angelala wapi?